Uzinduzi wa Mtaro wa Machinjioni

Nchi ninayoisimulia hapa sitaitaja jina, kwa kuwa bado naishi humo na ningependa kuendelea. Ni nchi nzuri. Viongozi wake wanapenda kuhutubia na wananchi wake wanajua kusikiliza, na kwa mpango huo tumefika hapa tulipo.

Mimi ni Afisa Itifaki Daraja la Pili katika Wizara ya Afya na Muonekano. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba hakuna kitu kinachotumika kabla hakijazinduliwa. Choo cha Shule ya Msingi Mkwajuni kilikamilika mwezi Machi, kikazinduliwa Novemba, na katikati hapo wanafunzi walijizuia kwa uzalendo mkubwa sana. Nilikuwepo siku utepe ulipokatwa. Foleni ilikuwa ndefu, na mwalimu mkuu alilia kwa furaha.

Kwa miaka mingi hatukuwa na wasiwasi na bakteria, kwa sababu tulikuwa na rangi mbili. Rangi mbili ni vile vidonge vya antibiotiki, nusu nyekundu nusu nyeusi, na sisi tulivipenda kupita kiasi. Mtu akikohoa, rangi mbili. Akiumwa mgongo, rangi mbili. Akiachwa na mchumba, shangazi yake atamletea rangi mbili mbili za kuanzia. Kuku walichanganyiwa kwenye pumba. Mitihani ya taifa ikikaribia, wazazi makini waliwapa watoto kimoja kimoja kabla ya somo la hesabu. Na hakuna aliyemaliza dozi: vilivyobaki vilifungwa kwenye kipande cha gazeti akapewa jirani, maana sisi ni watu wa kupeana.

Bakteria nao, kwa kuonjeshwa dawa kidogo kidogo kila siku, wakaizoea kama mtu anavyozoea pilipili. Ikafika mahali dawa inamezwa na wao hawana habari. Wizara ikatoa tamko kwamba bakteria wa nchi yetu sasa ni wakakamavu kuliko wa nchi zote jirani. Tamko lilipigiwa makofi, na mimi ndiye niliyeongoza makofi hayo.

*

Sasa nimtaje Bi. Sikudhani, kwa sababu habari hii ni ya mguu wake.

Bi. Sikudhani ni mfagiaji wa manispaa, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Eneo lake la kazi ni Mtaro wa Machinjioni. Mtaro huo unaanzia pale wanapochinja ng'ombe, unapita nyuma ya soko, unapokea damu, mavi, maji ya samaki na kila kitu ambacho watu hawakitaki tena, kisha unasimama tu, kwa sababu hauna pa kwenda. Wakazi wameandika barua za kuomba usafishwe kwa miaka ishirini na miwili. Barua zote nimezijibu mimi: "Maombi yenu yamepokelewa na yanafanyiwa kazi." Ni sentensi nzuri. Wizarani hakuna aliyewahi kuilalamikia.

Siku moja Bi. Sikudhani aliteleza, na kipande cha bati kilichozama mtaroni kikamchana mguu wa kushoto, chini ya goti. Kidonda kikavimba, kikatoa usaha, kikaanza kupanda. Hospitali ya Taifa walijaribu dawa kumi na moja juu ya bakteria wake, moja baada ya nyingine, na bakteria wakanawiri katika zote kumi na moja. Daktari wa upasuaji akasema mguu utakatwa siku ya Ijumaa, saa nne asubuhi, la sivyo sumu itapanda moyoni na tutamzika mtu mzima badala ya kuzika mguu.

Hospitalini hapo, kwenye chumba kilicho nyuma ya jenereta, alikuwepo mtaalamu wa maabara, Dokta Kokubanza, mwanamke mfupi, mkali, asiyejua itifaki hata chembe. Jumatatu asubuhi alikwenda mtaroni na kikombe cha bati, akachota, akarudi nacho maabara. Jumanne mchana alinipigia simu, sijui kwa nini mimi, nadhani namba yangu ndiyo pekee wizarani inayopokelewa.

"Bwana Itifaki," akasema, "nimempata!"

"Nani huyo, Dokta?"

"Adui wa bakteria! Sikiliza. Kuna virusi wadogo mno, kazi yao hapa duniani ni moja tu, kula bakteria. Mtu hawamgusi. Na wanachagua: anayekula huyu hamli yule. Walabakteria. Sasa bakteria wa mama huyu katoka mtaroni, si ndiyo? Basi anayemla naye anaishi mumo humo. Nimeotesha bakteria kwenye sahani, nikadondoshea maji ya mtaro yaliyochujwa, leo sahani ina matundu kama kanga iliyoliwa na mende! Wanamla, Bwana Itifaki! Kesho naanza kumtibu."

Nikafurahi sana. Nikafanya kile afisa mwadilifu anachopaswa kufanya, nikatoa taarifa ngazi za juu.

Haikupita saa moja, mkaguzi wa wizara alifika maabara akachukua kikombe na sahani zote kwa ajili ya uhakiki. Lakini kanuni ya kumi na nne inasema maji machafu yoyote yakiingia katika jengo la serikali sharti yachemshwe. Mkaguzi ni mtu wa kanuni. Akayachemsha kwa dakika ishirini, sahani nazo akazitumbukiza humo humo, kisha akamrudishia Dokta Kokubanza vitu vyake pamoja na cheti kinachothibitisha kwamba maji ya Mtaro wa Machinjioni ni salama kwa kunywa.

Walabakteria walikuwa wamekufa wote. Ilibidi aanze upya.

*

Jioni hiyo tuliitwa ofisini kwa Waziri, Mheshimiwa Chakupewa. Mheshimiwa ni mtu mwenye sauti nzito na suti za kijivu, na hata akiagiza chai huanza na salamu za chama.

"Ndugu zangu," alisema, ingawa tulikuwa watatu tu chumbani, "wenzetu wa nje wanahangaika na maabara za mabilioni. Sisi, Mwenyezi Mungu katujalia mtaro! Hii ni tiba ya kizalendo. Ni dawa iliyokuwa inapita nyuma ya soko letu, na sisi tunaziba pua! Nitauzindua mtaro huu mimi mwenyewe siku ya Alhamisi."

"Mheshimiwa," akasema Dokta Kokubanza, "mimi naomba kikombe kimoja tu. Sasa hivi. Naweza kwenda mwenyewe na kandambili zangu."

Mheshimiwa alimtazama kwa huruma. "Dokta, uchote kwenye mtaro ambao haujazinduliwa? Wananchi watatuelewaje?"

"Mguu unakatwa Ijumaa, Mheshimiwa."

"Ndiyo maana nimesema Alhamisi," akajibu Mheshimiwa, na kwa kweli nilimwona ni mtu anayejali.

Polisi wawili wakawekwa mtaroni kuzuia uchotaji holela. Mimi nikaenda kuandika barua ya maandalizi, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu barua ile niliiandika kwa mkono wangu. Niliandika kama nilivyoandika mamia ya barua kabla yake, bila kufikiri: *Mheshimiwa Waziri atatembelea eneo lenu. Hakikisheni eneo ni safi.*

Jumatano, kuanzia alfajiri, Mtaro wa Machinjioni ulisafishwa.

Walikuja wafagiaji sitini, magari mawili ya zimamoto, na mapipa arobaini ya klorini. Walikwangua, wakamwaga, wakasugua kwa brashi za kufulia. Kingo zikapakwa rangi nyeupe na buluu. Wakaweka vyungu vya maua, tena vyenye maua. Mwisho wakajaza maji ya bomba, ambayo mtaa ule ulikuwa haujayaona tangu mwaka uliopita, na akina mama wakaja na ndoo wakafukuzwa.

Saa tisa alasiri Dokta Kokubanza alifika. Alisimama ukingoni, akaangalia chini, akauona uso wake majini.

"Mmefanya nini?" akaniuliza.

"Tumesafisha, Dokta."

"Leo?"

"Leo."

"Miaka ishirini na miwili mmeacha, mkasafisha *leo*?"

Nikamwonyesha vyungu vya maua. Dokta alikaa juu ya chungu cha maua, akashika kichwa. Nilidhani analia, nikatafuta leso. Kumbe alikuwa anatafakari, na alipomaliza alinishika mkono wa shati, akanivuta mpaka hospitali kama mtoto aliyevunja sahani, akaniingiza wodi namba sita.

Bi. Sikudhani alikuwa amelala, mguu juu ya mto. Sikuwahi kuuona. Nilikuwa nimeuandika tu, kwenye faili, "mguu husika". Ngozi ilikuwa inameta, nyeusi upande mmoja, na harufu yake ilinifanya nitazame dirishani. Kando yake alikaa mfagiaji mwenzake, Mwanaidi, anampepea kwa kipande cha boksi.

"Ndiye huyu Bwana Itifaki?" akauliza Bi. Sikudhani. "Karibu, mwanangu. Nasikia mtaro mmeusafisha."

"Ndiyo, mama."

"Unang'aa?"

"Unang'aa, mama."

Akacheka mpaka kitanda kikatikisika, kisha akashika paja kwa maumivu. "Nimefagia pale tangu Mwanaidi hajavunja ungo. Nikaomba beleshi, sikupewa. Nikaomba gambuti, sikupewa. Kumbe dawa yake ni kuandaa sherehe!" Halafu akautazama mguu. "Wataukata juu ya goti au chini yake? Maana mimi nafagia kwa kusimama."

Niliona aibu. Nasema wazi, kwa kuwa hakuna fomu ya kulijaza jambo hilo wizarani: niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

*

Alhamisi saa tatu kamili uzinduzi ulianza. Matarumbeta yalipigwa. Zulia jekundu lilitandikwa mpaka kwenye jukwaa, na jukwaa lilijengwa juu kabisa ya mdomo wa mtaro, ili Mheshimiwa aonekane na wote. Kamera za televisheni zilikuwa tatu. Dokta Kokubanza alisimama nyuma na kikombe chake cha bati, kama mtu aliyefika sherehe ya harusi baada ya pilau kuisha.

"Itifaki imezingatiwa!" akaanza Mheshimiwa, na nikatikisa kichwa kukubali. Alihutubia dakika sabini. Alisema mtaro huu ni hospitali isiyo na paa. Alisema usafi wake ni ushahidi wa usikivu wa serikali. "Natangaza leo," akanguruma, "kwamba katika mtaro huu halijabaki hata tone moja la uchafu!" Akapiga mguu chini kusisitiza.

Mbao zikafunguka, na Mheshimiwa Waziri wa Afya na Muonekano akashuka wima, akatoweka mpaka kifuani.

Watu waliposhusha mikono kutoka midomoni, harufu ilikuwa imeshatufikia, ile ile ya siku zote, nzito, ya damu na mavi ya ng'ombe. Mwanaidi alikuwa karibu nami. Nikamgeukia. "Hii imetoka wapi?"

"Tungeipeleka wapi, kaka?" akanong'ona. "Magari ya kubebea hatukupewa. Tumesafisha mpaka pale jicho la mgeni linapofika. Uliobaki tumeusukumia chini ya mgeni."

Walinzi walimvuta Mheshimiwa juu. Kuanzia kifuani kwenda chini alikuwa ni mtaro mtupu. Dokta Kokubanza aliruka na kikombe chake kuelekea shimoni, lakini mkuu wa usalama alishapiga filimbi. Shimo likatangazwa eneo la tukio, likazungushiwa utepe, upelelezi wa siku kumi na nne ukafunguliwa, na zimamoto wakaamriwa kumwaga klorini yote iliyobaki humo ndani kabla ya mpelelezi kuteremka, kwa ajili ya afya yake. Nilisikia mapipa yakigugumia.

Dokta Kokubanza alisimama akitazama klorini inavyomwagwa. Halafu nikamwona anageuka taratibu, macho yake yakitua kwenye suruali ya Mheshimiwa.

*

Mheshimiwa alikuwa ameingizwa hema la wageni maalumu. Tulimkuta amejifunga kitambaa kilichokuwa kinafunika jiwe la uzinduzi, na koti, shati na viatu vyake vimeshamwagiwa klorini na walinzi. Suruali ilikuwa sakafuni, msaidizi wake ameshafungua chupa ya dawa ya kufulia.

"Usimwage!" akapiga kelele Dokta. Msaidizi akaganda.

Alieleza haraka haraka. Tone la mwisho la maji ya mtaro lililobaki katika nchi nzima lilikuwa ndani ya suruali ile. Anaitaka sasa. Akiipata sasa, kesho saa nne atakuwa na walabakteria wa kutosha kumpelekea daktari wa upasuaji, na daktari ameahidi kuahirisha kisu kama kuna kitu cha kujaribu.

Mheshimiwa aliinua kidevu. Sauti yake haikuwa imeanguka naye. "Dokta, nimetangaza mbele ya kamera tatu kwamba mtaro hauna hata tone la uchafu. Nikikupa suruali hii, nitakuwa nimekupa nini?"

"Uchafu, Mheshimiwa."

"Umeona sasa! Haiwezekani. Suruali hii ni safi kisera."

Mwanaidi, ambaye hakuna aliyemkaribisha hemani, akapiga magoti. "Mheshimiwa, baba yangu, mwenzangu ana mguu mmoja wa kufa na mmoja wa kupona. Mpe hiyo suruali. Mimi nitakufulia nyingine maisha yangu yote."

Mheshimiwa alitazama pembeni. Nadhani aliguswa, maana ni mwanadamu, lakini kuguswa kwake hakukuwa na utaratibu wa kutumika. Hapo nikajisikia nafungua mdomo. Miaka ishirini na mitatu kazini sikuwahi kumshauri kiongozi jambo lolote zaidi ya upande wa kupandia jukwaa.

"Mheshimiwa," nikasema, "wewe hukuanguka."

"Sikuanguka?"

"Hukuanguka. Ulishuka kuchukua sampuli. Mawaziri wengine huwatuma wataalamu. Wewe umeingia mwenyewe, kwa mwili wako, ukaenda kumtafuta adui wa bakteria kule alikojificha. Sasa unamkabidhi mtaalamu. Kamera bado zipo nje."

Mheshimiwa alijiangalia kwenye kioo kidogo, akakaza fundo la kitambaa.

"Makabidhiano yana utepe?" akauliza.

"Yana utepe, Mheshimiwa."

Suruali ilikabidhiwa saa sita kasoro robo, juu ya sinia, kwa makofi. Dokta Kokubanza hakusubiri hotuba. Aliikumbatia kifuani na kukimbia nayo mpaka hospitali, na njia nzima watu walimpisha bila kuulizwa.

*

Alikamua, akachuja kwa kichujio chenye matundu madogo ambayo hata bakteria hapiti, akawalisha walabakteria bakteria wa Bi. Sikudhani wazaliane. Ijumaa saa nne kasoro dakika tano aliingia wodini na kichupa cha maji meupe, angavu, yasiyo na harufu. Daktari wa upasuaji alishavaa glavu. Alikitazama kichupa, akamtazama Dokta Kokubanza, akazivua.

Dawa ilidondoshewa kidondani asubuhi na jioni. Siku ya tatu homa ilishuka. Siku ya sita usaha ulikauka. Siku ya kumi na moja nilipita wodini, kwa bahati tu, nilikuwa nimebeba machungwa, nikasikia kicheko kabla sijafika mlangoni. Bi. Sikudhani alikuwa amesimama kwa miguu yote miwili, ameshika kitanda kwa mkono mmoja, anamfokea Mwanaidi kwa namna alivyofagia chini yake.

Serikali nayo haikulala. Bunge lilipitisha Sheria ya Hifadhi ya Mtaro kwa kauli moja. Kwa mujibu wake, Mtaro wa Machinjioni ni duka la dawa la taifa, na ni kosa la jinai kuusafisha. Maji ya bomba yakachotwa yakamwagwa. Magari ya serikali, yale ambayo hayakupatikana kubeba uchafu kuutoa, yakapatikana kuleta mwingine, safari kumi kwa siku, mpaka mtaro ukafika ujazo wake wa kihistoria. Watoto watatu wa mtaa ule walilazwa kwa kuhara wiki hiyo hiyo, na gazeti la serikali likaandika kwamba wako karibu na dawa.

Kisha ikaja sherehe ya kitaifa, pale pale mtaroni, jukwaa jipya la zege. Bi. Sikudhani alialikwa kutoa shukrani. Hotuba yake niliiandika mimi, mistari minane. Kazi yangu nyingine siku hiyo ilikuwa kukaa kwenye mitambo, kidole juu ya swichi, ili msemaji akitoka nje ya karatasi kipaza sauti kipate hitilafu.

Alipanda ngazi za jukwaa moja moja, bila fimbo. Alisoma mstari wa kwanza, "Naishukuru serikali sikivu kwa kunitunzia mtaro." Akasimama. Akaikunja karatasi, akaitia kifuani.

"Dokta," akaita, "hao wadudu walioniponya wako wapi sasa?"

"Kwenye friji, mama," akajibu Dokta Kokubanza kutoka nyuma. "Chupa mia mbili. Na nikiwataka wengine nawazalisha mwenyewe."

"Na hao wa kwenye friji wanatibu kila kidonda?"

"Hapana. Hicho chako tu, na cha aina yake. Bakteria mwingine anataka mlaji mwingine."

Kidole changu kilikuwa pale juu ya swichi. Mkuu wa usalama alinitazama. Sikubonyeza.

"Basi Mheshimiwa," akasema Bi. Sikudhani, na sauti yake ikaenda mpaka sokoni, "mguu huu mmeniponyesha, Mungu awalipe. Sasa naomba msinitafutie kidonda cha mguu wa pili."

Akashuka. Chini ya jukwaa Mwanaidi alikuwa ameshamshikia gambuti, na kando kuna rundo la mabeleshi, sijui vyote vilipatikana wapi. Akavaa gambuti, akachukua beleshi, akaingia mtaroni mbele ya sheria, mbele ya kamera tatu, akaanza kuzoa. Mwanaidi akafuata. Kisha wafagiaji wengine, kisha akina mama wa ndoo. Polisi walimtazama mkuu wao, mkuu wao akamtazama Mheshimiwa, na Mheshimiwa, akiwa ndani ya suti mpya ya kijivu, akaja mpaka kwenye mitambo, akainama sikioni kwangu.

"Bwana Itifaki, hii imo kwenye ratiba?"

Niliiangalia ratiba. Niliiandika mwenyewe, naijua kwa moyo. Nikamwambia imo, na inayofuata ni zamu ya mgeni rasmi, nikampa beleshi.